Chochote

"Agizeni chochote," nilisema,
nikivua glavu, theluji ikiniyeyukia begani,
na neno lile likanitoka
jepesi, kama la mtu mwenye pesa.

Odette alilipokea lilivyo.
Mbavu za ng'ombe. Juu ya mbavu, kamba wa kukaanga.
Maji ya limau yenye stroberi, glasi ndefu,
kisha nyingine, kwa kuwa ya kwanza ilijaa barafu.
Keki ya chokoleti: vijiko viwili,
kisha sahani ikasukumwa kando
kama gazeti la jana.

Binti yangu Larysa, ambaye bei anazijua,
aliagiza supu ya kiazi chekundu, bakuli dogo.
Mimi nikasema sina njaa.
Nikala mkate wa bure, vipande vinne,
nikiupaka siagi hadi pembeni kabisa
kama fundi anayelipwa kwa mita.

Hiyo ilikuwa Ijumaa ya tatu mfululizo,
Winnipeg, Januari, baridi ya kung'oa masikio.
Verna mhudumu huiweka bili kifudifudi
na kuondoka haraka.
Dola tisini, bado bakshishi.
Nafua mashuka ya hospitali kwa dola kumi na saba kwa saa.
Nilipiga hesabu pale pale, juu ya kitambaa cha karatasi:
keki ile ya vijiko viwili
ni dakika thelathini na tano za mvuke
na jasho la wagonjwa nisiowajua.

Na mama yake ni daktari wa meno!
Hunipungia mkono akiwa garini,
gari lenye viti vinavyopashwa joto.

Wiki nzima nilihutubia birika.
"Odette mpenzi, unajua maisha..." Hapana.
"Odette, bajeti yetu..." Neno hilo lina sauti ya waziri.
Larysa alinisikia kutoka ngazini.
"Mama, ukimwambia, nahamia Brandon."
Ana miaka kumi na miwili. Brandon hamjui mtu.

Ijumaa ya nne, sijazima injini,
vioo vimefunikwa na pumzi zetu,
niliukazia usukani macho, nikauambia:
"Leo namlipia kila mtu sahani moja,
isiyozidi dola ishirini. Kinywaji ni maji.
Anayetaka zaidi atoe mfukoni mwake."

Larysa akazama ndani ya skafu, ikabaki kofia.

Kimya.
Kifuta kioo kikapita, kikarudi.

"Kumbe kuna kiasi," akasema Odette,
bila kununa, kama mtu aliyeonyeshwa swichi ya taa.
"Mama husema ukikaribishwa usichague cha bei rahisi,
utamfanya anayelipa aonekane hana.
Ile keki hata siipendi."

Hata haipendi.
Wiki tatu tumekuwa tukistahiana,
yeye kwa kula, mimi kwa kutokula,
na hakuna aliyeshiba.

Tuliingia. Akaifungua menyu
na kwa mara ya kwanza nikamwona akiisoma upande wa kulia,
kidole kikishuka kwenye tarakimu
polepole, kikirudi juu, kikishuka tena.
Akachagua maandazi ya viazi na vitunguu,
dola kumi na nne, akayamaliza,
akafuta sahani kwa mkate.

Larysa alikuwa bado haongei nami.
Ataongea. Kuna shule Jumatatu, na viatu vya kununua.

Mimi nilimwita Verna nikaomba menyu.
"Yako?" akauliza.
Yangu.
Nikaagiza kuku, na kachumbari ya matango,
nikala nikiwa nimekaa vizuri, viwiko mezani.

Wakati wa kuvaa makoti Odette akanivuta mkono.
"Zile sita nilizobakiza,
zinaweza kungoja Ijumaa ijayo?"

"Haziwezi," nikasema.
Hilo halikuhitaji birika.